Vibao vya Kahawa vya Fundi Meno

Kazi ya Fundi Meno ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na sifa yake ilikuwa moja tu: akishakukalisha meno mdomoni, hayatoki. Piga chafya, gombana na jirani, tafuna muwa mpaka kwenye fundo, meno yako palepale. Nusu ya wazee wa mtaa walikuwa wakitafuna kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomo kabla hajamtazama uso, na akikutana na mteja wake njiani hakuwa na habari ya kuuliza hali. Aliuliza, "Yanakaaje?" Mteja akajibu, "Yamekaa." Salamu ikaishia hapo na kila mtu akaenda zake.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyokuwa akiishi. Humo mlikuwa na meza ndefu yenye madoa ya plasta, kekee ndogo, gurudumu la kung'arishia, tupa za kila unene, makopo ya nta ya rangi ya waridi, na rafu nzima ya taya za plasta zilizoachama, utadhani zimeambiwa jambo la aibu zikakosa la kusema. Kwenye kona palikuwa na printa. Si ile ya karatasi. Hii ilikula uzi wa plastiki, ikauyeyusha, ikautandaza tabaka juu ya tabaka, polepole, ikiguna peke yake kama mzee anayetafuta miwani, mpaka mezani panasimama kitu ambacho asubuhi hakikuwapo. Aliinunua ichape taya za mfano. Ilizichapa mwezi mmoja. Baada ya hapo ikaanza kuchapa vitu vya kahawa, na ikawa haigeuki nyuma.

Maana Fundi Meno alipenda kahawa, na hakupenda kitu chochote kinacholegea. Kijiko cha kupimia kilikuwa kinaacha chembe pembeni, akachapa kingine. Unga ulikuwa unamwagika kwenye ukingo wa kichujio, akakichapia kichujio kola, kama shati. Kisha akatengeneza kishindilio cha kugandamizia kahawa iliyosagwa, na mpini wake akaupa umbo la gego.

Mkewe alikiokota kile kishindilio jikoni akakigeuzageuza. Alikuwa mwalimu wa udereva. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa kiti cha abiria, mguu wa kulia juu ya breki yake ya pili, akiokoa maisha ya watu na kuta zao. Hata nyumbani, akiona jambo linaelekea mtaroni, mguu ule ulikuwa unakandamiza sakafu wenyewe.

"Mume wangu," alisema, "siku hizi nikitaka kahawa lazima nishike jino la mtu?"

"Ni gego la juu. Linashikika vizuri."

"La nani?"

Lilikuwa la mwenye duka la viatu, mkono wa kushoto ukitoka sokoni.

"Halitambuliki," alisema Fundi.

Mguu wa mkewe ukakandamiza sakafu.

Chumba cha mbele cha nyumba ile alikaa mama mkwe. Zamani alikuwa nesi, na si nesi wa kupanga mafaili. Alikuwa nesi wa sindano. Watu wazima wa mtaa ule, wengine sasa wana vitambi na vyeo, walipokuwa wadogo walililia mikononi mwake, na wote walikubali neno moja: sindano ya yule mama huisikii. Mkono wake ulikuwa umetulia kama umechongwa. Alikuwa akisema angeweza kumdunga nzi bila nzi kuacha alichokuwa akifanya.

Kisha ile mikono ikaanza kutetemeka. Daktari alimpima, akamwambia si ugonjwa wa kuogopa, ni mtetemo tu, umekuja na umri, hauui. Mama mkwe akamwambia hajamuuliza kama unaua. Kwa miezi kadhaa alivumilia, mpaka siku ya kumuaga nesi mwenzake aliyekuwa anastaafu. Aliletewa kahawa kwenye kikombe na kisahani, na vile viwili vikaanza kugongana: ki-ki-ki-ki-ki. Ukumbi ukasikia. Aliponyanyua kikombe, nusu ikaenda kwenye shati jeupe la daktari mkuu. Daktari alicheka, akasema si kitu. Mama mkwe hakucheka. Tangu siku ile hakunywa kahawa mbele ya mtu. Alikuwa anapelekewa chumbani, nusu kikombe, anafunga mlango, na ukipita kwenye ukumbi mdogo ulikuwa unausikia ule mlio nyuma ya mbao. Mlio ukiisha, mlango unafunguliwa na yeye anatoka na uso wa mtu aliyekuwa anasoma.

Fundi Meno ule mlio ulimkera kama meno yanayocheza. Lakini angemwambia nini mama mkwe? Mkwe ni mkwe. Hata wakiwa sebuleni wote watatu, mazungumzo yao yalipita kwa mkewe. "Mwambie mama mvua inakuja," na mama yuko pale, anaisikia mvua na anamsikia mkwe. "Mwambie mkwe nimeiona." Ndivyo walivyokuwa, na heshima ilikuwa nyingi.

Basi Jumapili moja shemeji akaja na habari. Huyu alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, kitinda mimba, anafanya kazi ya kukata tiketi kituo cha mabasi, na alikuwa amepata mchumba. Watu wa mchumba walitaka kuja Jumamosi kuonana na mama, waseme walichokuja kusema, na mama ajibu. Baba alishafariki. Wa kujibu alikuwa mama peke yake.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jumamosi kichwa kitaniuma."

"Mama, leo ni Jumapili."

"Nakijua kichwa changu."

"Basi utakaa nao tu, kahawa usinywe," alisema yule dada mkubwa, mwalimu wa udereva.

"Wageni wanakunywa, mimi nimekaa mikono mapajani kama niko kizimbani? Na mikono yenyewe ikianza kucheza hapo mapajani, niikalie?"

Shemeji akaweka mkoba chini. "Kwa hiyo mimi niwaambie nini? Kwamba mama yangu yupo, yuko chumba cha pili, amejificha na kikombe?"

Mama mkwe aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Fundi Meno alikuwa ameyasikia yote akiwa karakana, tupa mkononi, taya ya mtu imebanwa kwenye jiliwa. Aliifungua ile taya akaiweka pembeni. Mwenye nayo angekula uji wiki moja zaidi.

Kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa kifuniko. Printa ilikichapa kwa saa mbili: kifuniko cha kubana juu ya kikombe, chenye mdomo mdogo wa kunyonyea. Kikombe ukikipindua kahawa haimwagiki. Alimpa mkewe ampelekee mama. Mkewe alikwenda akarudi nacho.

"Amesema ana meno yake yote."

"Sasa meno yanahusiana nini?"

"Amesema vya kunyonya ni vya wasio na meno."

Kitu cha pili kilikuwa mkono wa kikombe. Fundi aliwaza kwamba kosa liko kwenye ule mkono wa kawaida wa kikombe, unaoshikwa kwa vidole viwili kama unamshika mdudu. Ungepatikana wa kushikwa kwa kiganja kizima, vidole vyote vikae mahali pake kama meno kwenye fizi, mtetemo ungepata pa kutulia. Lakini ili kuutengeneza alihitaji chapa ya kiganja cha mama mkwe, na kumshika mama mkwe mkono na kuukandamiza kwenye nta ni jambo ambalo hakuwa tayari kulifanya hata kwa bunduki. Alikanda donge la nta ya waridi likalainika, akampa mkewe.

"Mwambie alifumbate. Hesabu mpaka ishirini. Asilifungue ghafla."

Kupitia mlangoni alimsikia mama mkwe akiuliza, "Sasa hii ni ya ugonjwa gani?"

"Si ya ugonjwa, mama. Fumbata tu."

"Mwambie mkwe mdomo uko juu zaidi. Akipita kifua anaendelea hivyohivyo."

Chapa ilitoka nzuri, kila kidole kimeacha njia yake. Tatizo likawa plasta na nta zikishatangulia, Fundi hujikuta anafuata njia aliyoizoea. Alikuja kuzinduka tayari amemimina ile dawa ngumu ya kutengenezea fizi, amesugua kwa msasa, ameng'arisha kwenye gurudumu. Mkono wa kikombe ulikuwa wa waridi, unameremeta, na una vijishipa vyekundu ndani, maana dawa ile huja na vijishipa ili fizi zifanane na za mtu. Kwa kweli ulikuwa mzuri sana.

"Huu ukiwekwa mezani," alisema mkewe, "watu wa mchumba watauliza mwili uliobaki uko wapi."

"Mwili wa nani?"

"Wa mgonjwa."

Ikawa Jumatano. Fundi Meno alikaa kwenye kigoda chake akatega sikio. Mama mkwe alikuwa anakunywa kahawa ya alasiri nyuma ya mlango wake, ki-ki-ki-ki, na ndipo akili ikamjia kwamba yeye siku zote anapigana na kumwagika, kumbe kinachomfungia mama mlango ni ule mlio. Tone la kahawa unaweza kulifuta ukazungumzia kitu kingine. Mlio kila mtu anausikia, na kila mtu anajifanya hausikii, na hapo ndipo aibu inapokaa.

Basi dawa ni kuondoa kisahani. Alichukua mlango wa kabati la zamani akaukata vibao, kila kimoja ukubwa wa kitabu kikubwa cha hesabu. Printa ikachapa ukingo wa kuzunguka kila kibao, tone likidondoka lisiende popote. Chini yake aliweka plasta na vipande vya chuma, kibao kiwe kizito, kisiteleze mezani mkono ukikigusa. Na katikati akaweka kikalio cha kikombe: pete ya ule mpira laini anaoutandika chini ya meno ya watu wenye fizi zenye maumivu, ili kikombe kikae juu ya kitu kisichotoa sauti. Pete ile aliikata kwa uangalifu wote wa ufundi wake, ikishike kikombe tako lote, bila mwanya.

Akajaribu. Alijaza kikombe maji ya bombani, akakikalisha, akatikisa meza. Kimya. Akainua kikombe: kikabanduka kwa sauti ndogo kama busu la shavuni. Akakirudisha, akatikisa tena, akainua tena. Alijaribu mara thelathini, na mara zote thelathini kwa maji ya baridi. Haikumpitia kabisa akilini kujaribu kwa maji ya moto. Katika kazi yake maji ya moto ni adui. Yanapinda meno, yanayeyusha nta, yanaharibu wiki nzima. Kila mteja aliyetoka kwake alitoka na onyo lilelile: osha kwa baridi, loweka kwa baridi, usinijie hapa na hadithi. Mtu aliyesema maneno hayo kwa miaka ishirini hawezi kushika birika lenye mvuke akalisogeza karibu na kazi yake.

Ijumaa mkewe alimpelekea mama kibao, na kikombe chenye maji nusu. Fundi alisimama kwenye ukumbi mdogo ametega sikio. Ule mlio haukuja. Palikuwa na kimya, kisha busu la shavuni, kisha matone mawili matatu kwenye ukingo, kisha kimya tena.

"Hakilii," mama mkwe alisema.

"Hakilii, mama."

"Nimemwaga kidogo."

"Imebaki humohumo kibaoni. Hakuna aliyeona."

Mama mkwe alifikiri. "Wageni nao watapewa hivi vibao?"

"Ukitaka watapewa."

"Wote. Mkinipa mimi peke yangu nitajua, na wao watajua, na kichwa kitaniuma palepale."

Kwa hiyo Ijumaa ile Fundi Meno hakupumzika. Printa iliguna mchana kutwa, na vibao vikafika saba: mama mkwe, shemeji, mkewe, yeye mwenyewe, na wageni watatu.

Wageni walifika Jumamosi saa kumi kamili. Alikuwapo mchumba, kijana mrefu mwenye kola iliyombana, fundi wa mafriji. Mama yake, mwanamke mnene mpole aliyesifia kila kitu hadi kitasa. Na baba yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji. Huyu baba mkubwa alikuwa karani wa mahakama mstaafu. Alivaa koti siku ile ya joto, na alipokaa alikunja kitambaa chake mara nne kabla ya kukirudisha mfukoni. Fundi Meno alimtazama mdomo: meno ya juu ya bandia, si kazi yake, yamelegea kidogo upande wa nyuma. Alijizuia kusema.

Mama mkwe alitoka. Alivaa gauni la bluu na saa yake ya unesi iliyobanwa kifuani, akaketi kwenye kiti cha katikati, mikono mapajani, wa kulia umeushika wa kushoto kama mtu anayemshika mtoto asikimbie. Shemeji alimtazama halafu akatazama pembeni haraka, asije akalia.

Mkewe Fundi akaleta vibao kimoja kimoja, kwa shida kidogo kwa ule uzito, kila kimoja na kikombe chake na biskuti mbili. Kisha akazunguka na birika. Kahawa ilikuwa ya moto sana, nyeusi, mvuke unapanda. Fundi Meno akauona ule mvuke. Kitu fulani kikamgusa nyuma ya shingo, kama mtu aliyetoka nyumbani na hajui amesahau nini.

Baba mkubwa akakohoa, akasimama, akaanza. Alianza na shukrani. Akaendelea na historia ya ukoo, akitaja waliokuwapo, waliokuwa safarini, na waliotangulia mbele ya haki, na kila mmoja alimpa cheo chake. Kahawa ikawa inangoja. Ndani ya vile vikalio, chini ya vile vikombe, hewa ilikuwa imepata moto ikatoka, sasa inapoa, na ule mpira wa fizi ulikuwa unafanya kazi ambayo Fundi Meno aliufundisha kuifanya kwa miaka ishirini. Unang'ang'ania.

"Kwa hayo machache," alisema baba mkubwa baada ya robo saa, akaketi, akashika kikombe chake kwa vidole viwili, akainua.

Kikombe hakikuja.

Akainua tena, kwa adabu. Kibao kikanyanyuka upande mmoja kikarudi mezani: du. Baba mkubwa akakitazama. Upande wa pili mama wa mchumba naye alikuwa amevuta kikombe chake, akasikia mkono wa kikombe unalia kama unataka kukatika, akauacha upesi, akatabasamu, akasema, "Vikombe vizuri. Vimetulia."

Chini ya meza mguu wa mwalimu wa udereva ulikuwa umekandamiza sakafu mpaka goti linatetemeka. Alimnong'oneza mumewe bila kusogeza midomo, "Vimefanya nini?"

"Vimekaa," alisema Fundi Meno.

"Naona vimekaa. Vinatokaje?"

Katika maisha yake yote Fundi hakuwahi kuulizwa kitu kinatokaje. Alifikiria kusimama akavibandue kimoja kimoja kwa kisu cha nta, na akaona picha yake mwenyewe akipita mbele ya wageni na kisu. Akabaki amekaa.

Wakati huo mchumba, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno, alivuta kikombe chake mara moja, akaona hakitoki, akamtazama mama mkwe. Mama mkwe naye alikuwa ameshajaribu chake. Alikuwa amejaribu kwa mkono mmoja, kimya kimya, na sasa ule mkono ulikuwa umeanza kucheza juu ya kikombe, na macho yake yalikuwa yameshaelekea kwenye mlango wa chumba chake. Yule kijana hakuuliza kitu. Aliweka mikono yote miwili chini ya kibao chake, akakiinua chote, kibao, kikombe na biskuti, akakifikisha mdomoni, akanywa, akakishusha. Akafuta mdomo. Alifanya taratibu kabisa, kama mtu anayekunywa hivyo kila siku kwao.

Mama mkwe alimtazama. Halafu akaweka mikono yake chini ya kibao.

Fundi Meno aliona yote kwa karibu, maana alikuwa amekaa upande wake wa kulia na hakuwa na pa kutazama pengine. Kibao kilipoacha meza kilitikisika kidogo. Kisha ule uzito wote, mbao, plasta, vyuma, ukamlalia mama mikononi, na mikono ikatulia. Haikutulia kidogo. Ilitulia kabisa, kama iliyochongwa. Hakuna kilicholia, hakuna kilichomwagika. Biskuti moja iliteleza mpaka ukingoni ikasimama. Mama mkwe akanywa funda refu la kahawa mbele za watu, akakaa nayo mdomoni, akameza, na wala hakushusha kibao. Alikibakisha pale juu kifuani, anaitazama mikono yake kama anaitazama mikono ya mtu anayemfahamu na hajamwona siku nyingi.

Baba mkubwa alikuwa ameshaelewa, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Aliinama kwa mama wa mchumba akamwambia kwa sauti ya mahakamani, ile ambayo mtu hudhani ni ya chini, "Ndio utaratibu wao hapa. Mikono miwili. Fuata."

"Na biskuti?"

"Biskuti nadhani zinaachwa."

Akainua kibao chake kwa mikono miwili, akakipeleka juu kwa heshima kubwa. Biskuti zake zilishuka pamoja, zikapita juu ya ukingo, zikaingia ndani ya koti. Hakubadili uso. Alikunywa, akashusha, akasema, "Ni njia yenye staha." Mama wa mchumba akainua chake akiguna kidogo kwa uzito, akanywa, akasema kweli, ukinywa hivi unaisikia kahawa mpaka mabegani. Shemeji naye akainua, mabega yanamtikisika, na haikuwa kwa kulia. Mwalimu wa udereva akaondoa mguu kwenye breki, akainua. Mwisho Fundi Meno akainua chake, na kwa sekunde kadhaa pale sebuleni palikuwa na watu saba wameficha nyuso nyuma ya mlango wa kabati.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Baba mkubwa alitoa kitambaa, akakikunjua, akakusanya vipande vya biskuti bila kuvitazama, akafikia pale alipokuwa anapaelekea tangu saa kumi.

"Mama," alisema, "tumesema tuliyokuja kusema. Kijana wetu umemwona. Sasa tunangoja neno lako."

Lakini mama mkwe alikuwa katikati ya funda. Kibao kilikuwa juu, kinamfunika kuanzia kidevu hadi paji la uso, na hakuna aliyejua nyuma ya kile kibao uso unafikiria nini. Wakangoja. Mchumba alivuta kola yake. Shemeji alishika mkoba wake uliokuwa mapajani akaufungua akaufunga. Saa ya unesi ilikuwa inasikika pale kifuani, tik, tik. Kikombe kilipinda zaidi, na zaidi, mpaka ikawa wazi kwamba hashushi mpaka amalize, na kwamba anamaliza kwa raha zake, na kwamba hana haraka hata chembe ya kurudi chumbani.

Kibao kikashuka. Kikakaa mezani bila sauti.

"Kijana nimemwona," mama mkwe alisema. "Ameletewa kitu kigumu, hakukasirika, hakuuliza nani kakosea, ametafuta pa kukishikia. Binti yangu nimemzaa mwenyewe, namjua. Atahitaji mtu wa namna hiyo." Shemeji akasema, "Mama," lakini mama alikuwa hajamaliza. "Mimi nimekubali. Tarehe pangeni nyinyi, ila isiwe mwezi huu, mwezi huu nina watu wa kuwatembelea, nimewakalia kimya muda mrefu."

Baba mkubwa akainamisha kichwa. Mama wa mchumba alianza kulia kwa furaha akitafuta kitambaa, akapewa kile chenye biskuti.

Mama mkwe akakigeukia kibao chake, akakipapasa chini, pale penye plasta na vyuma, kama anayempima mtoto uzito.

"Mwambie mkwe," alimwambia binti yake mkubwa, "hivi vingine avirekebishe, watu wasivunje vikombe. Hiki changu asikiguse." Akakisukuma kuelekea kwenye birika kwa vidole vyote kumi. "Na wewe usikae tu hapo. Nijazie. Jaza mpaka juu."